Waliosha Chokoleti Yangu kwa Zebaki

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pabaya. Elkana, msimamizi wa duara, yaani shimo la dhahabu, la Mzee Heche, alikuwa amesimama katikati ya jiko langu, ameinua boksi langu la chokoleti, anawatangazia wachimbaji wote wa Itiryo kwamba mwizi wa dhahabu amepatikana, na mwizi huyo ni mimi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Agustina, kwetu ni Nyansurura, Serengeti. Mume wangu Deus alikwenda Ikoma kutafuta kazi kwenye hoteli ya watalii. Akapata kazi, akapata na mke. Sikumfuata kugombana. Nilibeba masufuria yangu nikaja Tarime, kwa sababu nilisikia Itiryo kumetoka dhahabu, na penye wachimbaji hapakosi wenye njaa.

Mikosi ya hapa mmekwisha kuisoma. Mafiga yangu yasiyotulia, kila jioni nayasawazisha na kesho yake sufuria imelala upande, maharage yanamwagikia motoni. Kopo langu la majani ya chai, lile nililolichora ua jekundu kwa rangi ya kucha, likapotea jikoni mchana kweupe. Na huyo huyo Elkana, ambaye kila asubuhi aliniletea kuni na kuniwashia moto kabla sijaamka vizuri, hata nikawaandikia kwamba nadhani ananitongoza.

Hayo yamepita. Nilisema tangu mwanzo kwamba katika mkasa huu simwombi mtu radhi. Anayetaka habari za mwanamke aliyejuta, ageuze ukurasa asome michezo.

Sasa niwaeleze chokoleti ilifikaje, maana hilo niliwagusia tu.

Mimi nina ugonjwa wa simu. Mtandao wa Kenya unavuka mpaka na kufika mpaka jikoni kwangu, tena una nguvu kuliko wetu, na rafiki yangu Adhiambo, anayeuza vitenge Sirari, ndiye aliyenipatia laini ya huko. Chakula cha mchana kikishaliwa na wanaume wakirudi shimoni, nageuza ndoo, naikalia, nazurura duniani.

Wengine humo wanatafuta wachumba. Mimi nilitafuta maduka na vituko. Nikapata duka la Japani linalouza matikiti ya pembe nne, yamekuzwa ndani ya boksi. Nikapata ukurasa ambao unaizungusha dunia kwa kidole, ukigusa mji wowote unasikia redio ya huko inasema nini saa hiyo hiyo. Nikapata kamera inayotazama kisima cha wanyama mbugani, na Wazungu chungu nzima wamekaa majumbani kwao wanamngoja pundamilia aje anywe maji. Hapo nilicheka mpaka machozi. Pundamilia walimaliza shamba la mama yangu Nyansurura na hakuna aliyetutumia hata pole.

Lakini kilichonikamata ni chokoleti. Sikujua kama chokoleti ina mafundi wake. Nilidhani ni ile ya dukani, tamu tupu, inayogandia kwenye karatasi. Kumbe kuna maduka ambako fundi anaikaanga kakao mwenyewe, anaisaga mwenyewe, na juu ya pakiti anaandika imetoka kijiji gani. Niliona kakao ya Kyela, ya hapa hapa Tanzania, inasifiwa na watu wasioweza hata kutamka Kyela. Nilizunguka maduka hayo nikiwa juu ya ndoo yangu mpaka nikawa najua majina ya wauzaji.

Ndipo nikaliona duka moja la Nairobi. Chokoleti ndogo, nyeusi, na juu ya kila moja wamebandika dhahabu. Sisemi karatasi ya rangi ya dhahabu. Nasema dhahabu yenyewe, imefuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na inaliwa.

Picha ile sikuiacha. Wanaume wanashuka kwa kamba mbele ya macho yangu, wanapanda wamekuwa wekundu kwa udongo, na wengine hawapandi tena. Ukimwuliza mmoja dhahabu yake inakwenda wapi, anasema kwa broka. Broka anaipeleka wapi? Mbele huko. Basi, hakuna anayejua zaidi. Mimi Agustina, muuza wali na maharage, nilikuwa nimepaona mbele huko. Mbele huko wanaibandika juu ya pipi.

Nikataka kuishika kwa mkono wangu. Nilikuwa naweka akiba ya mabati, nikaivunja. Adhiambo alijaribu kunizuia.

"Wewe Agustina, si ununue hata kuku," aliniambia. "Hii kitu utakula mara moja na imeisha."

"Agiza," nikamjibu.

Akaagiza kupitia kwa binamu yake aliyeko Nairobi. Boksi likapanda basi mpaka Isebania, likavuka Sirari ndani ya furushi la vitenge, likanifikia. Niliponusa tu, nilijua mabati yangeweza kungoja.

Ningekula peke yangu, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mpishi hawezi kula peke yake, mkono unamwasha. Nilikatakata chokoleti mbili vipande vidogo nikawaonjesha wachimbaji baada ya chai. Nusu yao walitema. Mmoja akasema ni dawa ya minyoo. Mwingine akauliza hiki kinachong'aa ni nini, nami nikamjibu kwa maringo yote: dhahabu.

Sasa mjue kitu. Kwa muda mrefu duara la Mzee Heche lilikuwa linatoa mawe mazuri, lakini dhahabu inayopatikana ni kidogo. Watu walijua kuna mkono unaodokoa. Na migodini kila mtu anajua kwamba dhahabu ya wizi husafiri ndani ya chakula, kwenye tonge la ugali au ndani ya kande. Kikipotea kitu, wa kwanza kutazamwa ni mpishi.

Kwa hiyo Elkana alipoinua boksi langu, hakuhitaji kusema mengi.

Mzee Heche hakupayuka. Ni mzee mpole, mwembamba, anayefunga vifungo vyote vya shati hata kwenye jua kali. Alisema tu kwamba ataitisha ritongo. Huo ni mkutano wa Wakurya wa kumsaka mwizi. Watu wote wanakaa uwanjani, kila mtu anasema anachojua, na atakayeonekana mwizi anatengwa. Hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumwuzia chumvi, na hakuna wa kula kilichopikwa kwa mkono wake.

Hebu fikirieni. Fundi cherehani akitengwa, atashona hata nguo zake. Mpishi akitengwa anampikia nani? Wangenifukuza Itiryo bila hata kunigusa. Na Nyansurura nisingerudi, kwa sababu jina la mwizi lingetangulia kufika.

Wakaniweka mbele, karibu na mwalo wanakooshea dhahabu. Nikawaamkia wazee. Wengine waliitikia, wengine wakatazama pembeni. Niliketi nikajiapiza kwamba chozi langu hawatalipata.

Elkana akaanza. Nampa haki yake, kusema anajua. Akawauliza watu, mwanamke asiye na mume, anayelala kwenye banda la mabua, dhahabu ya kupambia pipi ameitoa wapi? Akasema hiyo si pipi, ni ujanja. Ninaigandisha dhahabu ya Mzee ndani ya mafuta meusi, namkabidhi Adhiambo, na Adhiambo ana ndugu pande zote mbili za mpaka, anaipitisha Sirari bila shida. Watu wakaguna kwa pamoja, mguno ule wa watu walioelewa.

Nikasema simu yangu ipo, waifungue wajionee duka lenyewe. Mzee Heche akaipokea. Mtandao siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka, picha ikafunguka nusu. Aliitazama nusu hiyo kwa muda mrefu.

"Binti," akasema, "si wewe uliyetuambia kuna matikiti ya pembe nne?"

"Yapo, Mzee."

"Na redio za dunia nzima, unazifungua kwa kidole kimoja."

"Zipo."

"Na Wazungu wanaokesha wakimngoja pundamilia anywe maji."

Uwanja mzima ukacheka. Hapo ndipo roho iliniuma. Vituko vyote nilivyowafurahisha navyo wakati wanakula, wakinibembeleza niwaonyeshe kingine, viligeuka ushahidi kwamba mimi ni mwongo wa kupindukia. Iliniuma kuliko kuitwa mwizi, nakiri.

"Simu haituambii kitu," Mzee Heche akasema. "Sisi tunajua njia moja tu ya kuijua dhahabu. Tuoshe."

Nilidhani anatania. Hakutania. Wakachukua chokoleti zangu zote zilizobaki wakazitia kwenye karai. Nikasimama.

"Mzee, uza masufuria yangu ukitaka, lakini kabla hujaziharibu onja moja. Umeita watu wote hawa kwa ajili yake. Onja."

Mzee Heche akachukua moja, akaitazama ile dhahabu yake juu, akaitia mdomoni. Akatafuna taratibu. "Chungu," akasema. Lakini nilimwona akimeza, na hakutema.

Zilizobaki wakazimwagia maji ya moto. Ziliyeyuka, mafuta yakaelea, wakaona hayatoki, wakaongeza sabuni ya unga. Harufu ikapanda, mwalo mzima unanukia Nairobi. Kisha wakatia zebaki, wakaanza kuyumbisha karai kama wanavyoyumbisha siku zote, kwa makini, midomo imebanwa, wanamwaga matope ya kahawia kidogo kidogo. Wanaume wazima wanaosha chokoleti. Kama si kwamba maisha yangu yalikuwa ndani ya karai lile, ningewapiga picha.

Wakakamua zebaki kwenye kitambaa, wakaiweka kwenye kijiko, wakaichoma. Kila mtu alisogea.

Ikabaki punje moja ya njano, ndogo kuliko ulezi.

Elkana akakiinua kile kijiko kama kikombe cha mpira. "Mura, mmeona wenyewe," akawaambia wenzake. "Hii ni dhahabu ya Mzee."

Mnaona ilivyo? Niliwaambia tangu mwanzo kwamba ni dhahabu. Sikuficha. Sasa ukweli wangu mwenyewe ndio uliokuwa unanifunga kamba, na wale niliowapikia walikuwa wameanza kunigeuzia mabega. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami aliuvuta mkeka wake.

Nikawaza haraka. Kwenye kundi alikuwepo Tonny, broka wa Sirari, anayenunua dhahabu ya duara hilo. Tonny hatembei bila jiwe lake jeusi na chupa yake ya tindikali.

"Mpeni Tonny aipime," nikasema. "Aweke na ya Mzee pembeni. Kama zimetoka shimo moja, nitengeni."

Elkana akasema hakuna haja. Mzee Heche akasema haja ipo.

Tonny akachuchumaa. Akaisugua punje yangu kwenye jiwe, akasugua na ya Mzee kando yake, akadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili. Akatazama. Akafuta miwani, akatazama tena.

"Mzee, hii si ya kwako," akasema. "Ya kwako ina fedha ndani, ona inavyopauka. Hii imetulia vile vile. Tangu nianze kununua Itiryo sijaona safi namna hii."

Nilinyanyuka nikajipangusa vumbi kwa madaha, nipate kuonekana. Nikawauliza ni nani sasa atakayenirudishia chokoleti yangu. Nilikuwa nimeshinda, ndugu zangu. Nilishinda kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Kwa sababu huko nyuma mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kama si ya duara la Mzee, ni ya duara gani?"

Watu wakatazamana.

"Juzi juzi alichimba shimo nyuma ya jiko lake," mwingine akasema.

Nilichimba, ndiyo. Shimo la kumwagia maji ya vyombo. Nikafungua mdomo niwaambie, na Tonny naye alikuwa anasema kitu kuhusu dhahabu iliyosafishwa kiwandani, lakini hakuna aliyetusikia. Macho yote yalikuwa yamegeukia jikoni kwangu.

Rashi, yaani mbio za kugombea dhahabu mpya, huanza hivyo. Mmoja alinyanyuka kama anayekwenda haja. Wa pili akamfuata kwa hatua ndefu. Kisha uwanja wote ukanyanyuka na watu wakatimua mbio.

Sheria ya Itiryo ni kwamba mahali ni pa yule aliyetangulia kusimika mti na kuufunga shati lake. Kwa hiyo walikimbia huku wanavua mashati. Mzee Heche, mwenye ritongo, alikimbia nao, anahangaika na vile vifungo vyake vyote. Mkutano uliotaka kunitenga uliisha bila mtu kuufunga, kwa sababu mwizi alikuwa amegeuka kuwa mwenye mgodi.

Nami nikakimbia. Nilipofika, banda langu lilikuwa limekwisha kung'olewa ukuta mmoja. Mashati yalipepea kila mahali, kwenye shimo la maji machafu, kwenye bustani yangu ya sukuma wiki, hata pale nilipokuwa nalaza kichwa. Majembe na sururu vilikuwa kazini. Nilitukana watu siku ile, sitaficha, na matusi mengine niliyasema kwa Kikurya ili yawaingie vizuri.

Halafu nikamwona Elkana.

Alikuwa amewatangulia wote. Lakini hakuvua shati, hakusimika mti wala hakushika jembe. Alisimama juu ya jiko langu, mguu huku na mguu huku, mafiga yangu matatu katikati. Majivu ya asubuhi yalikuwa bado na moto ndani yake. Ndala zake za plastiki zilinuka kuungua, na hakusogea.

"Hapa hapachimbwi," alikuwa anawaambia. "Hili ni jiko la mwanamke. Heshimuni mafiga ya mama wa watu."

Wanaume wakasita, maana alisema kweli. Huku jiko la mwanamke haliguswi na mwanamume bila ruhusa ya mwenyewe. Mzee Heche akafika, kifua wazi, anahema, akanigeukia. Akaniuliza kwa adabu kama natoa ruhusa wachimbe na hapo.

Nikamtazama Elkana. Asubuhi alitaka nisiuziwe hata chumvi. Mchana anaungua miguu kulinda heshima ya mafiga yangu.

Zile kuni za alfajiri. Ule moto aliokuwa ananiwashia wakati mimi bado napiga miayo. Mafiga yanayosogea na maharage yanayomwagika. Mimi mjinga nilidhani ananipenda, kumbe alikuwa anafukua chini ya jiko langu.

Alijua kwamba nimejua. Akainama kama anayeokota kitu, akanong'ona, macho chini.

"Sema hapana, dada. Sema hapana tu, wataondoka. Tutagawana."

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipopimwa kuliko chokoleti yangu. Nikisema hapana, watachimba pembeni, watakosa, watachoka, kesho watarudi kula kwangu. Nimeshasafishwa na Tonny mbele ya watu wote. Nikisema ndiyo, na kitu kikatoka chini ya majivu yangu mwenyewe, nani ataniamini? Nitakuwa nimelitoa jina langu kaburini ili nilizike tena.

Lakini nilikumbuka ule mkeka ulivyovutwa. Nilikumbuka chokoleti yangu inaelea na sabuni. Kukaa juu ya moto wangu kila siku, napika, nikijua chini yake kuna wizi wa mtu mwingine na mimi ndiye mfuniko wake, hapana. Deus alinifanya mfuniko wa mambo yake miaka yote ile. Sikuja Tarime kuirudia kazi hiyo.

Nikamnyang'anya jembe mchimbaji aliyekuwa karibu.

"Ruhusa natoa," nikamwambia Mzee Heche. "Ila atakayechimba ni mimi. Elkana, sogea."

Hakusogea.

Nikanyanyua jembe nikalishusha katikati ya miguu yake. Ndipo aliporuka. Majivu yakatimka, figa moja likabingirika mpaka kwenye miguu ya Mzee Heche. Nikapiga tena. Mara ya tatu jembe likagonga bati.

Hata wale waliokuwa ndani ya mashimo yao mapya walitoa vichwa. Mzee Heche akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akakitoa kile kitu, akakipangusa majivu kwa shati lake lililokuwa mkononi.

Lilikuwa kopo la majani ya chai. Lina ua jekundu ubavuni, limechorwa kwa rangi ya kucha. Hakuna mtu Itiryo aliyekuwa hajanywa chai iliyotoka kwenye kopo lile.

Mzee akalitikisa, likasikika zito. Akaniinulia macho, na sasa hakuwa mpole tena. Elkana, miguu imeungua, akaanza kutabasamu.

"Ni langu," nikasema, kabla mwingine hajasema. "Lifungue."